Krismasi ya Mama Rit, na salamu zangu za mwaka mpya

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi na heri ya mwaka mpya. Salamu hizi ziwafikie nyote, mliozungukwa na watu wenu na mnaoipitisha sikukuu peke yenu.

Kila ifikapo wiki hii namkumbuka mama mmoja. Aliitwa Harriet Green, wenzake wakimwita Rit, na alitumikishwa utumwani miaka mingi katika jimbo la Maryland, Marekani. Krismasi ya mwaka 1854 alipika chakula akawa anawangoja wanawe, watu wazima tayari, waje kula naye kama kawaida yao. Akatoka nje kutazama njia. Akarudi ndani, akatoka tena. Hawakutokea.

Kumbe walikuwa hapo hapo karibu na nyumba yake, wamejibanza katika ghala la malisho ya mifugo, wanamwona mama yao kupitia nyufa za mbao. Robert, Ben na Henry walikuwa wauzwe mara tu baada ya Krismasi. Aliyekuja kuwatorosha ni dada yao, Harriet Tubman, aliyekuwa ametoroka mwenyewe mwaka 1849. Naye pia alikuwa humo ghalani, hajamwona mama yake kwa miaka, na hakuthubutu kumwita. Walijua kwamba mama akiambiwa atalia kwa sauti, na kilio hicho kingewamaliza wote. Baba yao, mzee Ben Ross, ndiye aliyewapelekea chakula kwa siri. Usiku alipowasindikiza alijifunga kitambaa machoni, ili wenye watumwa wakija kumhoji aweze kuapa kwamba hakuwaona watoto wake.

Kabla ya kuondoka walichungulia dirishani, wakamwona mama ameketi kando ya moto. Tarehe 29 Desemba walikuwa wamefika Philadelphia, mji wa jimbo lisilo na utumwa. Robert alikuwa amemwacha mkewe katika uchungu wa uzazi. Hilo la Robert siwezi kulipita haraka. Tunapenda kusimulia habari za kutoroka kama ushindi mtupu, lakini uhuru wake ulilipiwa na walioachwa nyuma, mmoja wao akiwa hata hajapewa jina. Mama Rit na mzee Ben walikuja kuchukuliwa na binti yao mwaka 1857.

Kwa nini Krismasi? Kwa sababu kati ya Krismasi na mwaka mpya watumwa wengi wa Marekani walipumzishwa kazi, na baadhi yao walipewa vibali vya kwenda kuwaona ndugu katika mashamba mengine. Njia zilijaa watu, na mtu mweusi akionekana safarini hakushtua sana. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo hilohilo la Maryland, aliandika mwaka 1845 kwamba siku hizo hazikutolewa kwa huruma. Mabwana waliwachochea watumwa walewe, wacheze, wachoke, wasipate nafasi ya kuwaza uasi. Miaka ya baadaye, watetezi wa utumwa waligeuza ngoma hizohizo kuwa ushahidi kwamba watu weusi waliridhika na hali yao. Uongo huo umeishi muda mrefu kuliko utumwa wenyewe.

Hawakusema habari ya kilichofuata baada ya ngoma. Tarehe 1 Januari ilikuwa siku ya kukodishwa. Mikataba ya mwaka iliisha, madeni ya mabwana yalidaiwa, watu wakapangwa na kupelekwa kwa bwana mwingine, wengine kuuzwa mbali kabisa. Mama aliyeimba na watoto wake usiku wa Desemba 31 hakujua asubuhi atabaki na nani.

Ndiyo maana nawastahi sana waliozichukua siku hizo za mabwana wakazifanyia kazi yao. William na Ellen Craft waliondoka Macon, Georgia, Desemba 1848. Ellen, ambaye rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kudhaniwa Mzungu, alivaa mavazi ya kiume na kujifanya tajiri mgonjwa, mkono ameutundika kwa kitambaa shingoni kwa kuwa hakujua kuandika na hotelini angetakiwa kutia sahihi. Mumewe alisafiri kama mtumwa wake. Siku ya Krismasi waliamkia Philadelphia.

Huko Jamaica, koloni la Uingereza wakati huo, Samuel Sharpe, mtumwa na shemasi wa Kibaptisti, aliwapanga wenzake wagome baada ya Krismasi ya 1831: sikukuu ikiisha, hakuna kukata miwa bila ujira. Tarehe 27 Desemba shamba la Kensington likawaka moto, na makumi ya maelfu ya watumwa wakaingia katika mapambano. Wazungu 14 waliuawa. Watumwa zaidi ya 300 walihukumiwa na kunyongwa au kupigwa risasi, na Sharpe mwenyewe alinyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa, kisha likawatengea wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20. Waliokata miwa hawakupewa hata senti.

Na ile tarehe 1 Januari iliyokuwa ya machozi? Mwaka 1804 Haiti ilitangaza uhuru wake siku hiyo, baada ya waliokuwa watumwa kulishinda jeshi la Napoleon. Usiku wa Desemba 31, 1862, watu weusi wa Marekani walikesha makanisani wakingoja saa sita, maana kulipokucha tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilikuwa lianze kazi. Wengi wa waliotajwa katika tangazo hilo walikuwa bado mikononi mwa mabwana. Walikesha hata hivyo.

Wabaguzi nao waliijua thamani ya sikukuu hizi. Usiku wa Krismasi ya 1951, huko Mims, Florida, bomu lililipuka chini ya chumba cha kulala cha Harry T. Moore na mkewe Harriette, walimu wote wawili. Siku hiyo walikuwa wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Kosa lao lilikuwa kuandikisha watu weusi wapige kura na kudai walimu weusi walipwe sawa na weupe. Harry alikufa akipelekwa hospitali, Harriette siku 9 baadaye. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji yao. Ninapowasha taa za sikukuu, hawa wawili nao huwa moyoni mwangu.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi wenye lugha hii. Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya mtaa wa Watts mjini Los Angeles kuwaka moto wa hasira, Maulana Karenga, mwanaharakati mweusi wa Marekani, alianzisha Kwanzaa, sherehe ya siku 7 inayoanza Desemba 26. Mababu wa Wamarekani Weusi wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na ya Kati, si pwani yetu. Hata hivyo Kiswahili ndicho kilichochaguliwa, kwa kuwa kinasemwa na mataifa mengi na si mali ya kabila moja. Huwasha mishumaa saba, mitatu myekundu, mitatu ya kijani, na mmoja mweusi katikati, juu ya kinara, nao hukiita kinara kama sisi. Na kila siku husalimiana kwa maneno ambayo sisi tunayatamka bila hata kuyasikia.

Basi kama una rafiki huko, mpigie simu tarehe 26 umwulize, "Habari gani?" Atakujibu, "Umoja," maana kila siku ya Kwanzaa ina nguzo yake, nayo ndiyo jibu la salamu hiyo. Kisha usikose kumpigia tena tarehe 1 Januari, siku ile ya kukodishwa. Mwulize vilevile, habari gani. Jibu la siku hiyo ni "Imani."