YAH: FUNDI WENU KUFUTA KAZI ZANGU ZOTE

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, japo mimi heshima kwenu sikuipata.

Laptop niliileta na tatizo moja tu, ikoni zote za desktop zimegeuka za Adobe Reader, ukibofya Word inakuja Adobe inasema faili halifunguki. Basi. Na dada wa mapokezi nilimwonyesha palepale kaunta, nikaingia kwenye folda nikabofya mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba, ukafunguka kwenye Word vizuri kabisa. Yaani Word iko sawa, Windows iko sawa, zilizovurugika ni shotikati, vile vikoni vya mkato vya kufungulia programu. Akajaza fomu yenu, ileile ambayo chini mmeandika wenyewe data haifutwi mpaka mteja asaini. Sijasaini popote.

Jioni nafuata mashine, nawasha, desktop tupu. Namuuliza fundi faili zangu ziko wapi, hata earphone hajatoa, anachati, "si nimekuwekea Windows mpya mama, unataka nini tena?" Na elfu arobaini nishalipa, maana kwenu unalipa kwanza ndo unapewa mashine.

Mdogo wangu yuko chuo, kasikia akashika kichwa. Anasema unabonyeza kitufe cha Windows na R, unaandika regedit, inafunguka sehemu Windows inapotunza mipangilio yake, unashuka HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Explorer, FileExts, ukifika .lnk, ndizo hizo shotikati, unafuta UserChoice iliyozielekeza Adobe, unarestati, kwisha, hakuna faili linaloguswa. Sasa fundi mzima hajui hilo? Na mchana wake nilipiga simu, mkaniambia "jambo dogo hilo mama, linashughulikiwa". Jambo dogo ndo mnaformati?

Narudia ili mjue ilivyokuwa. Nimesimama pale nasema baba, humo kuna mitihani ya majaribio, walimu wanaifuata kesho asubuhi. Ndo akanijibu "unataka nini tena", akaisukuma laptop na chaja juu yake, waya unaning'inia, kaka mmoja aliyekuja kununua flashi akacheka. Mimi mtu mzima nachekwa kaunta kwa hela yangu! Na hiyo Windows mpya yenyewe kona ya chini inadai leseni, wakati yangu ilikuja na leseni yake.

Nilikuwa nataka elfu arobaini yangu tu, ila navyoandika naona haitoshi. Mrudishe hela, na faili mzirejeshe kwa gharama zenu kwa mtu anayejua kurejesha data, siyo huyo. Mashine sijaiwasha tena, maana kila kipya kinachoandikwa kinafukia cha zamani. Zikishindikana mnilipe kazi yote ya kuchapa upya. Na fundi aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakiwepo.

Mkinyamaza mpaka Ijumaa, barua hii na nakala ya fomu yenu naipeleka Tume ya Ushindani. Halafu risiti ya EFD hamkunipa, TRA nao nadhani watapenda kusikia.

Mteja wenu, mwenye stationery mtaa wa nyuma