Mjomba, Mama Amekubali Kupasuliwa

Mjomba wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Nimesikia kwamba hukuridhika na uamuzi wa Mama wa kupasuliwa tena kwa saratani ya titi iliyomrudia, kwa kuwa unaamini saratani ikiguswa na kisu huenea. Nakujibu hadharani kwa sababu maneno hayo si yako peke yako. Hapa Lamu yanasemwa mabarazani na majikoni, na wapo wagonjwa wanaobaki nyumbani kwa ajili yake.

Mjomba, kisu hakiisambazi saratani. Wengi wanaopasuliwa wakakutwa imeenea huwa imeenea kabla hawajafika hospitali, kisha kisu ndicho kinachobeba lawama. Mara ya kwanza Mama alitolewa uvimbe tu, titi likaachwa, akapigwa mionzi. Lakini chembe chache zisizoonekana hata kwa mashine zinaweza kubaki na kukaa kimya kwa miaka kabla ya kuota upya. Kurudia mionzi mahali palipokwisha kupigwa si jambo jepesi, ndiyo maana madaktari wa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, wameshauri titi lote litolewe. Wamempiga picha za mapafu, ini na mifupa, na huko hawakuona kitu, alhamdulillahi. Nafasi ya kuuondoa ugonjwa ungali mahali pamoja ndiyo hii, nasi hatutaki impite.

Kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, ulilomwagizia kwa mwalimu alilinywa kwa imani, wala hakuna aliyemkataza. Ila siku ya upasuaji halitawezekana, kwa kuwa dawa ya usingizi huulegeza mwili, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Miti shamba nayo daktari ametaka atajiwe yote, hata habasoda, maana baadhi yake huzidisha kutoka damu. Dua haina masharti hayo, nasi tunaihitaji sana.

Karatasi ya idhini ametia saini mwenyewe, baada ya kuuliza maswali mengi kuliko sisi sote. Jioni hukaa dakani akifumua gauni zake na kuzitia vifungo kwa mbele, kwa sababu ameambiwa kwamba kwa muda hataweza kuinua mkono ili avae kwa kichwani. Akichoka husimama akapandisha vidole ukutani polepole, kama muuguzi alivyomwonyesha, ili azoee zoezi atakalolifanya baadaye bega lisikakamae. Sijui kama umewahi kumwona dadako akijiandaa kwa jambo kwa makini kiasi hiki. Kinachomkosesha usingizi ni kimya chako, kwani baba yenu alipofariki wewe ndiye uliyemlea, na hataki kulala juu ya kitanda kile bila radhi yako.

Kwa hiyo nakuomba umpigie simu, usimbishie, umwambie tu kwamba uko pamoja naye. Hospitali imetutaka tutafute watu wa kutoa damu. Wanao wana afya njema na umri wao unafaa, maadamu uzito wao haupungui kilo 50. Wale vizuri na kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda. Basi letu litatoka Mokowe alfajiri ya Jumapili na kupitia Malindi, nasi tutakuwekea kiti karibu na Mama.

Mwanao, binti wa dadako