Kipindi cha Alhamisi kimesogezwa

Wapendwa wa kikundi cha GRE (mtihani wa kuomba masomo ya uzamili), habari za jioni. Tutakutana Jumamosi saa 2:00 usiku, kwa simu ya video hapa hapa kikundini.

Kifungu cha kuchambua kinamhusu daktari Semmelweis: Vienna, 1847, madaktari wanaanza kunawa kwa maji ya klorini, vifo vya akina mama waliojifungua vinapungua. Mje mmeandika:

1. Hitimisho la hoja ya kifungu, sentensi moja tu.
2. Dhana ambayo hoja inaitegemea bila kuitaja.
3. Sababu nyingine inayoweza kueleza kupungua huko. Hapa ndipo tunapoanguka, mimi nikiwemo: mambo mawili yakifuatana, tunadhani moja limezaa jingine.

Tafadhali jibuni NIPO au SIPO kabla ya Ijumaa saa 12:00 jioni, nipange makundi.