Risala ya Kikundi cha Wenye Punda wa Isimani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Punda Duniani, Tarehe 8 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Wenyeviti wa vijiji na vitongoji,
Afisa Mifugo wetu wa kata,
Viongozi wa dini na wazee wetu,
Wenye punda wenzetu, mabibi na mabwana,

Kamwene! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe binafsi kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja kuadhimisha nasi siku hii. Furaha yetu ni kubwa zaidi kwa kuwa umefika mwenyewe. Wawakilishi tumewazoea, nao wametuzoea. Wengine sasa wanajua hata majina ya punda wetu.

Historia ya kikundi ni fupi. Tulianza kama majirani wachache tuliokuwa tukichangishana kununua dawa ya minyoo, tukaongezeka, tukaandika katiba. Nakala ya katiba imo kwenye bahasha, hivyo hatutakuchosha kuisoma. Itoshe kusema kwamba punda si mgeni katika Nyanda za Juu Kusini. Wenzetu wa Makete walihimizwa kumtumia tangu miaka ya 1980, kupitia mradi wa usafiri vijijini uliosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, baada ya kuonekana kwamba gari kubwa la mizigo vijijini lilikuwa ni kichwa cha mama. Hapa kwetu hatukusubiri mradi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa na ni mengi. Kikundi kimesajiliwa, kina mhuri, kina akaunti benki na kina mhasibu ambaye hajawahi kutoroka. Tumebuni na kusambaza matandiko ya kisasa ya magunia yaliyojazwa majani makavu, na vidonda vya mgongo vimepungua kwa kiwango cha kuridhisha sana. (Kiwango chenyewe hatujakipima, ila punda wako pale chini ya mbuyu na migongo yao inaonekana.) Tulishiriki maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ambako banda letu lilifurika watu, ingawa tunakiri kwamba lilikuwa jirani na wauza chipsi. Vilevile kikundi kimefungua mahusiano ya kimataifa, baada ya watalii wawili waliokuwa wakielekea Dodoma kusimama na kupiga picha na punda wa mama mmoja mwanachama.

Sasa tuje kwenye changamoto. Ziko nyingi, lakini kamati ilikaa ikakubaliana tusizisome zote. Tumejifunza kwamba risala yenye maombi kumi hujibiwa kwa neno moja: “tumeyapokea”. Leo tuna ombi moja tu, na tunaomba utuvumilie tulieleze kwa kirefu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba madaktari wa mifugo watarajali, wale wanaojifunza kazi katika hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wapangiwe kuja hapa kwa zamu. Waje na msimamizi wao, wakae, watibu punda wetu na wajifunze kwa punda wetu.

Wapo waliocheka tuliposema hivi kwenye mkutano wa kijiji. Walisema punda gani wa kuletewa daktari kutoka chuo kikuu. Tuwajibu hapa mbele yako. Kule Marekani na Uingereza, daktari wa mifugo akishahitimu na akataka kubobea kwa farasi na punda, huchukua mwaka mmoja katika hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu au hospitali kubwa ya farasi. Anatoka wodi ya tiba kwenda upasuaji, anatoka upasuaji kwenda kusimamia dawa za usingizi, anashika zamu za usiku kusubiri farasi wa maumivu ya tumbo, anakesha na mtoto wa farasi aliyeshindwa kunyonya. Tena kuna wakati anapanda gari la hospitali na mwalimu wake kwenda kutibu mashambani. Anayetaka ubingwa huendelea miaka mingine, kwa kawaida mitatu. Sisi hatusemi punda wetu ni farasi wa mashindano. Tunachoomba ni hicho kipande cha mashambani tu.

Na tunakiomba kwa sababu punda wa Isimani hawezi kufika Morogoro. Kutoka Iringa mjini hadi kule ni zaidi ya kilomita 300. Nauli ya Fuso ya kumpeleka na kumrudisha inazidi bei ya punda mwenyewe, na hakuna mwenye akili atakayelipa. Maana yake ni kwamba kijana anayesubiri wagonjwa hospitalini anaweza kumaliza utarajali wake akiwa amewaona mbwa wengi na punda wa kuhesabu kwa vidole, na huku punda wengi wanakufa bila kumwona daktari. Hapo wote wawili wamekosa.

Afisa Mifugo wetu yuko hapa, tunamheshimu, na hili si lalamiko dhidi yake. Ana kata nzima, ana ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku, na ana pikipiki moja ambayo mafuta yake mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Lakini punda si ng'ombe mdogo, Mheshimiwa. Punda hawezi kutapika. Akishikwa na tumbo, wenzetu wengi humnyanyua kichwa na kummiminia mafuta ya kula kwa chupa, mafuta yakaingia kwenye mapafu, na punda akafa kwa tiba badala ya ugonjwa. Daktari aliyefundishwa hupitisha mpira puani taratibu hadi tumboni, na kujua mpira umefika wapi ndiyo kazi yenyewe. Punda pia huficha maumivu. Farasi mwenye tumbo hugaagaa na kujipiga mateke. Punda mwenye tumbo husimama tu, masikio chini, mwenye mali akadhani amechoka. Akiacha kula siku chache, hasa punda mnene au mwenye mimba, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na ini likashindwa kazi. Hata dawa ni hivyo hivyo. Diminazini, dawa ya nagana (ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o) ambayo ng'ombe anaimudu, ni hatari kwa punda kipimo kikizidi kidogo. Chakula cha kuku kilichowekwa dawa ya monensini kuzuia ugonjwa wa kuhara uitwao koksidia, kuku anakula na kunenepa; punda akikivamia, moyo wake unaharibika. Haya tungeyajua mapema, kuna wanachama ambao leo wangekuwa na punda.

Tutoe mfano mmoja ambao kila aliyekaa hapa anaujua. Kijana mmoja aliyesomea udaktari wa mifugo alikuja kumsalimia shangazi yake. Jirani alikuwa na punda jike aliyekuwa akichechemea mguu wa mbele kwa muda, hakanyagi, amekonda, na maneno yalishaanza kwamba amerogwa. Mwenye mali alikuwa ameshakubaliana bei na mnunuzi. Yule kijana hakuomba dawa yoyote. Aliinua mguu akauweka magotini, akaugusa ukwato kwa kiganja, akasema una joto. Akauosha, akaubana kidogo kidogo kwa koleo la fundi baiskeli hadi punda alipostuka mahali pamoja. Pale akachonga taratibu kwa kisu, akakuta alama nyeusi, akaifuata. Ukatoka usaha mweusi unaonuka vibaya. Lilikuwa jipu la kwato. Akauloweka kwenye ndoo ya maji ya moto yenye chumvi, akaufunga kwa tambara na kipande cha mfuko wa saruji, akaagiza abaki pakavu. Punda akakanyaga chini papo hapo. Leo ndiye aliyebeba maji ya kupikia chakula chako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madumu manne ya lita 20 kwa safari moja.

Wengine husema shukrani ya punda ni mateke. Punda wa huku hajawahi kupewa cha kushukuru.

Tunaishukuru Serikali kwa kuzuia uchinjaji wa punda mwaka 2022, wakati biashara ya ngozi ilipokuwa inatumalizia mifugo. Tunashukuru pia kwamba mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku kwa miaka 15 kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Lakini punda jike hubeba mimba takriban miezi 12 na kuzaa mtoto mmoja. Kumzuia mchinjaji halafu kisu kuyaachia maradhi ya tumbo, ya kwato na nagana, hakujatusaidia sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuseme la ahadi, kwa heshima zote.

Mgeni rasmi wa maadhimisho yaliyopita, ambaye hatutamtaja kwa kuwa tunamtakia mema huko alikohamia, alisimama mahali hapa hapa uliposimama wewe. Alilipokea ombi hili kwa mikono miwili. Alisema wananchi wakijenga boma la nyumba ya watarajali hadi usawa wa renta, bati na mbao ni juu yake. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakamvisha mgolole, na tukamkabidhi jogoo. Wananchi wakafyatua tofali, wakachoma, wakajenga. Boma limefika renta. Jogoo alifika mjini siku ile ile. Bati hazijafika hadi leo, na msimu wa mvua uliopita umeanza kula kuta upande wa magharibi.

Alisema pia kwamba barua ya kuomba watarajali ataifuatilia yeye. Tuliipeleka barua kwenye ofisi moja hapo mjini. Kila tukiuliza tunaambiwa ipo kwenye faili. Tunaamini ipo kwenye faili. Tunachouliza ni lini itatoka. Safari moja tuliombwa tuandike nyingine, na tuliiandika kwa furaha, tukaambiwa nayo imewekwa kwenye faili lile lile.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi hospitali. Hatuombi gari. Hata ile hotuba nzuri tunaweza kuisubiri hadi baada ya chakula. Tunaomba bati 42, mbao za kenchi, milango mitatu na madirisha, ili vijana wawili na msimamizi wao wapate pa kulala pasipovuja. Kazi ya fundi tutalipa wenyewe. Uchochoro wa magogo wa kumbana punda wakati wa kutibiwa tumeshaujenga, na Afisa Mifugo ameukagua. Sampuli za damu zitapelekwa kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Iringa mjini, ambako si mbali, tena basi la asubuhi linafika. Mwanachama mmoja mwenye pikipiki ameshajitolea kuzipeleka siku basi likikosekana. Chakula cha watarajali kitatoka kwa zamu za kaya. Ugali, maharage na samaki wa Mtera havijawahi kumshinda msomi.

Na tunaomba barua itoke kwenye faili. Nakala ya tatu imo kwenye bahasha, nyuma ya katiba, imeshapigwa mhuri. Tumeacha nafasi ya sahihi yako na ya tarehe. Tunaomba hiyo tarehe iwe ya leo, maana kalamu ipo mezani na Mheshimiwa Diwani amekubali kuwa shahidi.

Tunajua risala husomwa, hukunjwa, hupewa msaidizi. Tunamwomba msaidizi wako, ambaye pia tumemwandalia kiti kizuri, asiikunje hii kabla hajaandika namba ya simu ya katibu wetu. Katibu hupiga simu. Wanaomfahamu wanaweza kuthibitisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla ya chakula, tunakuomba utembee nasi hadi kwenye boma. Ni pale nyuma ya ofisi ya kijiji, fundi anakusubiri na futi yake mkononi. Wazee wana mgolole mwingine, lakini wamesema safari hii utavishwa siku ya kuezeka.

Risala hii imeandaliwa na kamati ya kikundi na kusomwa kwako na katibu.

Tunaomba kuwasilisha.