Kibaki aliyeacha chaki

Mhariri,

Mjukuu wangu yuko kidato cha tano, anasoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati), na juzi kaniuliza uchumi utamfikisha wapi. Nikamtajia Mwai Kibaki, mzee wa Othaya, Kenya: daraja la kwanza Makerere mwaka 1955, masomo zaidi London, kisha akarudi kufundisha Makerere. Mwaka 1960 akaacha chaki akaingia siasa. Alishika Wizara ya Fedha ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1982, na urais akaupata Desemba 2002, akila kiapo kwenye kiti cha magurudumu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati hapa Tukuyu, hivyo kinachonigusa ni Januari 2003, alipofuta ada ya shule za msingi. Hata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akaingia darasa la kwanza mwaka uliofuata! Sisi Tanzania tulikuwa tumetangulia kidogo kufuta ada. Darasa langu lilijaa watoto 112 kwa madawati 20, na mvua ya Rungwe (wenyeji mnaijua) ikigonga bati sauti yangu haikufika nusu ya chumba. Waliokaa sakafuni nyuma walinakiliana tu. Kwa hiyo anayesifu elimu bila ada mbele yangu, namuuliza kwanza walimu waliongezwa wangapi.

Simsafishi Kibaki. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 walikufa watu zaidi ya 1,000, na Katiba mpya ya 2010 haiwafufui. Mjukuu nimemweleza hilo pia. Kanyamaza, kisha kaniomba hela ya daftari.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya