Bajeti Ndogo Haivumilii Kufumua: Kugeuza Lori la Boksi Kuwa Nyumba ya Safari

Wateja wengi wanaotuletea lori la boksi huja na mchoro mkononi. Kitanda kipo nyuma, jiko lipo pembeni, meza ni ya kukunja, na rangi ya makabati imeshachaguliwa. Sisi tunaomba vitu viwili kabla ya kuutazama mchoro huo: karatasi ya mizani inayoonyesha uzito wa gari, na ruhusa ya kulimwagia gari maji kwa saa nzima. Wapo wanaoona tunawapotezea muda. Lakini katika kazi hii tumeona kwamba pesa ya mtu mwenye bajeti ndogo hailiwi sana na kununua vifaa. Huliwa na kufumua: unabandua ukuta uliokwisha kupakwa rangi ili kutafuta tone la maji, unang'oa kabati ili kupitisha waya uliosahaulika.

Gari la kwanza tulilogeuza lilitufundisha somo hilo. Tulikimbilia kuta. Tukapachika kihami joto, tukafunika kwa plaiwudi, na mwenye gari akaondoka na furaha yake. Miezi michache baadaye alirudi, godoro linanuka uvundo. Maji yalikuwa yakiingilia kwenye kona ya juu ya mbele, yanateremka kimyakimya nyuma ya plaiwudi, yanatokea chini karibu na mlango wa nyuma. Ukuta mzima ulifumuliwa, kwa gharama yetu. Tangu siku hiyo hatuweki hata parafujo moja ndani kabla boksi halijathibitika kuwa kavu.

Jaribio lenyewe halihitaji mtambo wowote. Mchana wa jua kali, ingia ndani ya boksi, fungiwa mlango, kaa dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la riveti lililolegea litajionyesha kama nyota. Kisha mtu mmoja abaki ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji. Aanzie chini, akae dakika kumi hivi kwenye kila eneo, ndipo apande juu. Ukianzia juu, maji yanamwagika kote na hutajua ni mshono upi unaovuja. Zingatia kona za paa, ukingo wa juu wa mbele unaopigwa na upepo gari likiwa mwendoni, taa za juu, na fremu ya mlango wa nyuma.

Ukipata pavujapo, usikimbilie silikoni. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu karibu kila gari linaloletwa kwetu limepakwa silikoni mahali fulani. Rangi haishiki juu yake, gundi nyingine haishiki, na hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile kuukuu. Kabla ya kuziba upya tunalazimika kuikwangua yote. Tumia gundi ya kuzibia ya poliurethani kwenye mishono, na utepe wa butili chini ya fremu za madirisha na matundu ya hewa. Safisha chuma kwanza hadi king'ae.

Ikiwa bado hujanunua gari, lala chini yake kabla ya kupanda kwenye boksi. Vyuma vya kukingama vinavyobeba sakafu ndivyo huoza kwanza, na kutu iliyofika huko hula bajeti kuliko injini inayotoa moshi kidogo. Lori lililokuwa la kusafirisha bidhaa baridi ni chaguo tunalolipenda: kuta zake zina povu tayari katikati, kwa hiyo kazi kubwa ya kuhami joto imekwisha kufanywa. Linusie tu ndani mlango ukiwa umefungwa tangu usiku. Harufu ya samaki iliyoingia kwenye sakafu haitoki kwa sabuni. Fahamu pia kwamba boksi la namna hiyo ni zito kuliko la kawaida.

Hapo ndipo mizani inapohusika. Katika nchi nyingi leseni ya kawaida ya gari dogo huishia kwenye gari lenye uzito wa juu ulioidhinishwa wa tani 3.5, na magari mengi ya boksi yametengenezwa kwa kiwango hicho hasa. Boksi lenyewe na chasisi vikishahesabiwa, mara nyingi hubaki kama tani moja tu ya kubebea watu, mafuta, maji, na kila kitu utakachojenga. Pakieni watu wote watakaosafiri, jazeni tangi la mafuta, mlipime gari kabla ya kuanza, kisha uzito huo muutoe kwenye uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari. Namba inayobaki ndiyo bajeti yenu halisi, na huisha haraka kuliko ile ya fedha.

Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, yenye ukubwa wa mita 1.22 kwa 2.44, ina kilo 30 au zaidi kidogo. Karatasi kumi ni zaidi ya kilo 300, na hapo hujaweka godoro. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ndiyo maana makabati yetu tunayajenga kwa fremu nyembamba ya mbao na kuyafunika kwa plaiwudi ya milimita 6 au 9, huku ile nene tukiitumia pale tu mtu anapokanyaga au kulalia. Lifti ya mizigo ya nyuma, kama ipo, tunashauri iuzwe. Huweza kuzidi kilo 150, na pesa yake inaweza kulipia madirisha.

Vizito vikae chini, karibu na ekseli, na pande zote mbili zipimane. Tangi la maji likiwekwa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma hupunguza uzito kwenye magurudumu ya mbele, na dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Baada ya kazi, rudi mizani, upime kila ekseli peke yake.

Wengi hutuomba tutoboe njia kati ya kabini na boksi, ili waingie kulala bila kushuka. Tunaelewa raha yake, hasa mvua ikinyesha usiku. Tatizo ni kwamba kabini imekaa juu ya mipira na boksi limefungwa kwenye chasisi, na kila gurudumu linapoingia shimoni viwili hivyo hujipinda kila kimoja kivyake. Tundu lisilo na kiungo cha mpira kinachonyumbuka litapasuka kwenye kona na kuruhusu maji kuingia. Kiungo hicho ni ghali. Kwa bajeti ndogo jibu letu huwa hapana, na pesa hiyo tunaielekeza kwenye mlango mzuri wa pembeni.

Mlango wa shata wa nyuma nao una mambo yake. Unapojikunja juu unakula nafasi ya kichwa, unapitisha vumbi, na ni vigumu kuuhami joto. Njia ya bei nafuu ni kuuacha ulivyo na kujenga ukuta wa pili kwa ndani, wenye mlango wa kawaida. Ukiufunga ule wa shata unapata gari lisilovutia macho ya wezi, ukiufungua unapata kibaraza. Ila hakikisha unaweza kutoka ukiwa ndani hata kama mtu ameufunga kwa nje, na kila mara kuwe na njia ya pili ya kutoka. Dirisha moja, upande wa mbali na jiko, liwe kubwa la kumtosha mtu mzima kupenya. Mteja akikataa hilo hatuichukui kazi.

Tunapokata dirisha tunakata kati ya mbavu za boksi, yaani vyuma vinavyoshikilia ukuta. Ubavu ukilazimika kukatwa, tunaunganisha fremu mpya kuzunguka tundu kabla ya kukata, kwa kuwa ukuta wa boksi ni bati jembamba na nguvu yake iko kwenye mbavu.

Kuhusu joto na unyevu, watu hudhani wakiweka povu nene wamemaliza. Usiku watu wawili wakilala ndani ya boksi lililofungwa, pumzi na jasho lao vinatoa mvuke wa kutosha kulowesha kuta kufikia asubuhi, na mvuke huo hutafuta sehemu baridi kuliko zote. Sehemu hiyo ni ubavu wa chuma unaogusa bati la nje. Kwa hiyo kabla ya kufunga plaiwudi, tunabandika ukanda mwembamba wa povu juu ya kila ubavu, ili chuma kisigusane na ukuta wa ndani. Halafu tunatoboa matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu lenye feni ndogo ya volti 12. Feni hiyo inafanya kazi kuliko sentimita tano zaidi za povu. Kama paa lako ni lile la faibaglasi linalopitisha mwanga, lihami lote na uache kipande kidogo tu cha kuangazia. Juani hupika ndani kama tanuri.

Umeme tunaomba upangwe kwa karatasi na kalamu kabla ya kununua betri. Betri ya asidi ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa (kipimo cha umeme uliohifadhiwa) 1,200 kwa maandishi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo una 600 za kutumia. Friji ndogo ya kompresa inaweza kula 400 au 500 kwa siku. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta zaidi ya amp 160 kutoka kwenye betri ya volti 12, na waya wa kubeba mkondo huo una unene wa kidole. Chemsha maji kwa gesi. Kila waya chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, na fyuzi ichaguliwe kulingana na unene wa waya. Waya mwembamba wenye fyuzi kubwa ndio unaowasha moto ndani ya ukuta, usiku, watu wakiwa wamelala.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni kama maji. Mtungi ukae kwenye kabati lake lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu sakafuni linalotoka nje moja kwa moja, na tundu hilo lisiwe juu ya bomba la moshi. Kengele ya kugundua kaboni monoksaidi iwe karibu na kitanda, kwa sababu hewa hiyo haina harufu. Usiwahi kutumia jiko kama kipasha joto cha kulalia.

Kazi nyingi unaweza kufanya mwenyewe, na tunakuhimiza ufanye: kihami joto, makabati, kitanda, rangi. Tuachie kukata boksi, kukagua chasisi, waya kuu, na gesi. Kabla msumeno haujagusa bati, iulize mamlaka ya usajili wa magari na kampuni yako ya bima namna ya kubadili matumizi ya gari, maana baadhi ya sehemu zinataka picha za kila hatua ya ujenzi. Watu wanaosafiri wakae kwenye viti vilivyofungwa kihalali vyenye mikanda. Kitanda cha nyuma ni cha gari lililosimama.

Siku ya ukaguzi lete gari likiwa tupu, na plaiwudi ya ndani kama inaondoka iwe imeondolewa. Njoo na kadi ya gari, karatasi ya mizani, na orodha ya vifaa vya umeme unavyotaka kutumia pamoja na saa za kila kimoja kwa siku. Mchoro wa kitanda pia ulete, tutaufikia mchana maji yakishakauka.