Kuhusu jirani yetu na maombi ya Alhamisi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimesoma ujumbe wenu wote wa jana usiku kuhusu jirani aliyetutolea maneno makali pale getini. Hata mimi iliniuma, hasa alivyomsema mama yetu mbele ya wajukuu zake. Lakini haya ya "tumkomeshe" nawasihi tuyaache.

Someni tena 2 Wafalme 6, mstari wa 21 hadi 23. Jeshi la Shamu lililotumwa Dothani kumkamata nabii Elisha linajikuta katikati ya Samaria, na mfalme wa Israeli anauliza mara mbili, niwapige? Elisha anakataa. Anataka wapewe mkate na maji. Mfalme akawaandalia karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudi kwa bwana wao, na uvamizi ule ukakoma. Huwa nawawaza wale askari njiani, wameshiba chakula cha watu ambao wao wenyewe walikuwa wamekwenda kuwadhuru.

Jirani amekosea kututukana. Ila spika zetu zinalia hadi saa nne usiku, na yeye huamka alfajiri kwenda kazini. Alhamisi hii tutaimba bila spika na kumaliza saa mbili na nusu. Jumamosi asubuhi mimi na mzee wa jumuiya tutakwenda kumwomba radhi kwa kelele, na mchele na sukari mkononi. Ya matusi hatutayagusa. Akikataa kutufungulia, tutamsalimu tukiwa nje na kuondoka.

Anayependa kuchangia aniambie leo. Na mama yetu mpigieni simu, tafadhali, bado ana huzuni.